Nakala ya Hukumu ni Haki ya Nani?

Tunapenda kuzungumzia jambo ambalo maimamu wetu hapa Kondoa huulizwa na jamaa wa wafungwa. Kijana amehukumiwa Mahakama ya Wilaya, anataka kukata rufaa, lakini hana hata karatasi moja ya kesi yake. Wapo wanaodhani karatasi hizo ni za hakimu peke yake. Historia ya ukadhi haisemi hivyo.

Al-Kindi, mwanahistoria wa Misri, anaeleza kuwa kadhi wa kwanza kuandika hukumu huko alikuwa Sulaym bin Itr, zama za Muawiya (R.A.). Warithi walimletea mgogoro wa mirathi, akawahukumu. Baadaye wakakanushana, wakarudi kwake. Akahukumu tena, na safari hii akaandika na kuwashuhudisha wakuu wa jeshi. Kesi ile ilikuwa ya mali, si ya jinai, lakini haja ya maandishi ni ile ile.

Mafaqihi wakaja kutenganisha mahdhar, yaani maelezo ya yaliyojiri mbele ya kadhi, na sijili, yaani hukumu yenyewe. Imam Nawawi katika Minhaj anapendekeza nakala mbili: moja apewe mwenye kesi, nyingine ihifadhiwe katika diwani ya kadhi. Mwenye kesi akija na karatasi yake akaomba aandikiwe, inapendeza akubaliwe. Na ipo kauli kwamba ni wajibu. Tazama, ndugu msomaji, hata karatasi inatoka wapi wanazuoni walilifikiria!

Al-Khassaf (aliyefariki 261 H.), mwanachuoni wa Kihanafi, anamtaka kadhi mpya apokee diwani ya aliyemtangulia, kisha awaangalie wafungwa: huyu ni nani, amefungwa kwa lipi, mdai wake nani. Kabla yake Abu Yusuf alikwisha kumwandikia Harun Rashid kwamba wafungwa wamekuwa wengi kwa kuwa mambo yao hayatazamwi.

Na sheria ya nchi yetu? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamtaka anayekata rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, ambayo kwetu sisi ni ya Dodoma, atoe notisi ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufaa ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi katika hizo 45. Mfungwa hupitisha rufaa yake kwa mkuu wa gereza. Aliyechelewa kwa sababu ya msingi anaweza kuiomba Mahakama Kuu imruhusu.

Kwa hiyo imamu anayetembelea gereza aulize mapema: notisi ilitolewa? Nakala iliombwa kwa barua, na tarehe gani? Tarehe hiyo ndiyo itakayomtetea.

Liko na suala la lugha. Kwa miaka mingi shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza. Mrangi aliyepata nakala yake hakuweza kuisoma. Marekebisho ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Majalada ya zamani yamebaki yalivyoandikwa, na walimu wa sekondari wanaoswali nasi wanaweza kuwasomea wenye nayo.