Watoto wa Asubuhi na Watoto wa Jioni: Historia Fupi ya Utafiti

Mwanafunzi asinziaye darasani asubuhi huitwa mvivu. Katika makala haya tutaonyesha jinsi utafiti ulivyolitia shaka neno hilo.

Mnamo mwaka wa 1976 Horne wa Uingereza na Östberg wa Sweden walitoa hojaji ya maswali 19 iliyowapanga watu kuanzia wapendao kuamka mapema hadi wale ambao nguvu zao huja jioni. Hojaji hiyo ilitungwa kwa watu wazima. Mwaka wa 1993, huko Marekani, Mary Carskadon na wenzake waliwauliza wanafunzi 458 wa darasa la sita maswali ya namna hiyo. Wengi walidhani kwamba kijana hukesha kwa sababu ya marafiki na burudani tu. Lakini miongoni mwa watoto hao wa darasa moja, waliotangulia katika balehe ndio walioelekea zaidi upande wa jioni. Kwa wasichana uhusiano huo ulikuwa bayana. Kwa wavulana ulikuwa dhaifu zaidi.

Tangu hapo mjadala uliihusu ratiba ya shule pia. Mwaka wa 1996 mji wa Edina, katika jimbo la Minnesota, ulisogeza mwanzo wa masomo ya sekondari hadi saa 2 na nusu asubuhi. Mwaka wa 2019 California ilitunga sheria ya kuzizuia shule za sekondari za juu kuanza kabla ya saa hiyo. Ilianza kutumika mwaka wa 2022.

Nchini Kongo shule nyingi zina zamu mbili, asubuhi na mchana, kwa uhaba wa madarasa. Nchini Brazil, penye zamu kama hizo, watafiti wameona kwamba vijana wa zamu ya mchana hulala zaidi siku za masomo. Yafaa basi, palipo na nafasi ya kuchagua, wadogo wapewe asubuhi na wakubwa mchana, mradi wasichana wasirudi nyumbani gizani. Kweli, wako wanaosinzia kwa sababu waliamka alfajiri kuchota maji au kutembea njia ndefu. Hao nao si wavivu. Mwalimu na aulize kwanza mtoto amelala saa ngapi, ndipo afikirie adhabu.