Subaru: Historia ya gari la Kilimia na yanayowapata wamiliki wake

KABLA ya kalenda za karatasi kuenea, wakulima wa pwani ya Afrika Mashariki walilitazama kundi la nyota liitwalo Kilimia ili wajue majira ya kulima. Nchini Japani, kundi hilohilo huitwa Subaru, na nyota zake ndizo nembo iliyobandikwa mbele ya magari ambayo Wakenya wengi huyatambua kwa mngurumo kabla hata hayajaonekana.

Jina hilo halikosi kuzua mjadala. Wapo wanaoapa kwamba hawatawahi kumiliki gari jingine, na wapo waliouza yao kwa hasara huku wakilaani gharama ya mafuta, mafundi na vipuri. Pande zote mbili zina hoja. Mambo yanayolifanya Subaru lipendwe ndiyo hayohayo yanayolifanya lidai matunzo ambayo wanunuzi wengi huwa hawakuyatengea fedha.

Kiwanda cha ndege

Chimbuko la Subaru si gari bali ndege. Mnamo 1917, Chikuhei Nakajima, mhandisi aliyekuwa ameacha kazi katika jeshi la wanamaji la Japani, alianzisha karakana ya utafiti wa ndege mjini Ota, mkoani Gunma. Karakana hiyo ilikua ikawa Nakajima Aircraft Company, mojawapo ya kampuni kubwa zilizounda ndege za kivita za Japani hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika mnamo 1945.

Baada ya kushindwa vitani, Japani ilipigwa marufuku kuunda ndege. Wahandisi wa Nakajima wakageukia bidhaa za raia. Mnamo 1946 walitoa skuta iliyoitwa Rabbit, ambayo mifano yake ya mwanzo ilitumia magurudumu ya mkiani ya ndege za vita yaliyosalia katika maghala.

Watawala wa majeshi ya washirika waliigawa kampuni hiyo vipande vipande mnamo 1950. Hata hivyo, tarehe 15 Julai 1953, tano kati ya kampuni zilizotokana na mgawanyiko huo zilishirikiana kuunda Fuji Heavy Industries. Kiongozi wake, Kenji Kita, alitaka kampuni mpya iunde magari. Gari la majaribio, P-1, lilikamilika mnamo 1954, na Kita mwenyewe ndiye aliyelichagulia jina la Subaru.

Katika Kijapani, jina hilo lina uhusiano na dhana ya kukusanyika. Nyota moja kubwa katika nembo ni kampuni mama, na tano ndogo ni zile zilizoungana. Kampuni yenyewe iliendelea kuitwa Fuji Heavy Industries hadi tarehe 1 Aprili 2017, ilipojibadilisha jina na kuwa Subaru Corporation.

Gari la kwanza kuuzwa kwa wingi lilikuwa Subaru 360 la mwaka wa 1958, kigari chenye injini ya sentimita 356 za ujazo iliyowekwa nyuma. Kilikuwa chepesi na cha bei nafuu, na kiliziwezesha familia nyingi za Kijapani kumiliki gari kwa mara ya kwanza. Wajapani wenyewe walikibandika jina la mdudu kibibi kwa sababu ya umbo lake la mviringo.

Injini inayolala

Hatua iliyoitofautisha kampuni hii na nyingine ilikuja mnamo 1966, ilipozindua Subaru 1000. Katika magari mengi, silinda za injini husimama wima au huegemea. Katika gari hilo zililala pande mbili, kushoto na kulia, zikitazamana. Pistoni zake huenda na kurudi kama ngumi za mabondia wawili, na ndiyo maana injini ya aina hiyo huitwa boksa.

Faida zake ni mbili. Kwanza, kwa kuwa pistoni za upande mmoja husawazisha za upande wa pili, injini haitikisiki sana. Pili, uzito wa injini hukaa chini karibu na barabara, hivyo gari halilali sana linapopiga kona kwa kasi.

Sifa ya pili, ile ya kuendeshwa na magurudumu yote manne, ilitokana na ombi la kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mashariki mwa Japani. Mafundi wake walihitaji gari la kupita katika theluji kukagua nyaya, lakini lenye starehe kuliko magari ya kijeshi ya wakati huo. Jawabu la Fuji Heavy lilikuwa Leone la magurudumu manne, lililoingia sokoni mnamo 1972.

Kutoka hapo kampuni ilijenga aila nzima ya magari: Legacy mnamo 1989, Impreza mnamo 1992, Outback katikati ya miaka ya 1990 na Forester mnamo 1997. Takriban yote yanatumia injini ya boksa, na mengi hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne.

Vumbi la Safari

Wakenya hawakulijua Subaru kwa matangazo ya biashara. Walilijua kwa vumbi la Safari Rally. Dereva Mkenya, Patrick Njiru, alimaliza wa nane katika mashindano ya 1990 akiwa na Legacy ambalo halikuwa limebadilishwa sana kutoka lile la kuuzwa dukani. Mnamo 1993 alirejea na Vivio, kigari chenye injini isiyofika sentimita 660 za ujazo, akafika mwisho wa mashindano yaliyokuwa yamevunja magari makubwa. Mwaka uliofuata alimaliza wa nne akiwa na Impreza.

Ushindi wenyewe ulipatikana mnamo 1997, Colin McRae wa Scotland alipotwaa Safari kwa Impreza, kisha mnamo 2000 kupitia kwa Mwingereza Richard Burns. Katika kipindi hicho Subaru ilinyakua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. McRae, Burns na Petter Solberg wa Norway nao walikuwa mabingwa wa dunia wa madereva mnamo 1995, 2001 na 2003.

Kampuni ilijiondoa katika mashindano ya dunia Desemba 2008, wakati wa msukosuko wa uchumi duniani. Hivyo basi, Safari iliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mnamo 2021, ikiwa na makao Naivasha, timu ya kiwanda ya Subaru haikuwepo tena. Hata hivyo, mashabiki walikuwa wamekwisha kulirithisha jina hilo kwa kizazi ambacho hakikuwaona McRae wala Burns.

Urithi huo una upande wa majonzi. Gari la mashindano huwa na kizimba cha vyuma ndani, nao dereva na msaidizi wake huvaa kofia ngumu na mikanda maalumu, tena barabara hufungwa ili wapite. Kijana anayeshindana na wenzake usiku katika barabara kuu hana hata kimoja kati ya hivyo. Magurudumu manne husaidia gari kushika barabara na kuondoka. Hayapunguzi umbali linaouhitaji ili lisimame.

Yanayowapata wamiliki

Magari mengi ya Subaru yaliyoko Kenya yaliingia kupitia bandari ya Mombasa yakiwa yametumika Japani. Nchi hizo mbili huendesha upande wa kushoto, kwa hivyo usukani hauhitaji kubadilishwa. Aidha, sheria za Japani hulazimisha gari la kibinafsi kukaguliwa miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama ya ukaguzi huo huwasukuma wengi kuuza mapema. Kenya nayo hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane.

Wanaolisifu husimulia mambo yanayofanana. Wakazi wa maeneo ya milimani, ambako barabara za udongo huteleza msimu wa mvua, husema hufika nyumbani pale ambapo magari mengine madogo huachwa kando ya njia. Wasafiri wa masafa marefu hutaja uthabiti wake katika kona na nafasi ya mizigo katika Forester na Outback.

Wanaolalamika huanza na mafuta. Kuzungusha magurudumu manne muda wote kuna gharama yake, na turbo huiongeza. Fauka ya hayo, magari mengi ya turbo yaliundwa kwa petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani. Yakinyweshwa petroli hafifu, mafuta huweza kuwaka kabla ya wakati ndani ya silinda na kuziharibu pistoni.

La pili ni maji na oili. Injini za lita 2.5 za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilijulikana kwa kuvuja kwenye gasketi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya kichwa cha silinda na bodi ya injini. Dalili ni maji ya rejeta kupungua bila sababu na mshale wa joto kupanda. Hapo ndipo methali ya kuziba ufa hudhihirika: anayeendelea kuongeza maji na kusafiri hatimaye hununua injini nzima.

Nchini Marekani, wamiliki wa baadhi ya magari yaliyoundwa mapema miaka ya 2010 waliishtaki kampuni wakisema injini zilimaliza oili kupita kiasi. Kesi hiyo ilitatuliwa kwa maelewano mnamo 2016, na kampuni ikakubali kurefusha muda wa dhamana. Funzo kwa mmiliki yeyote ni kukichomoa kijiti cha kupimia oili mara kwa mara badala ya kungoja taa ya onyo iwake.

La tatu ni mkanda unaoendesha vali katika injini za zamani. Unapaswa kubadilishwa baada ya takriban kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga vali na injini huharibika papo hapo. Injini zilizoanza kutumika kuanzia 2010 zina mnyororo badala ya mkanda, ingawa nazo hutegemea oili safi.

La nne huwashangaza wengi: magurudumu. Kwa kuwa yote manne yameunganishwa, ni lazima yawe ya ukubwa mmoja na yawe yamelika kwa kiwango kinachokaribiana. Anayenunua gurudumu moja jipya na kuacha matatu yaliyozeeka huifanya mitambo ya kati ipambane na tofauti ya mzunguko hadi ichemke na kulika. Pancha ya shilingi chache hugeuka ukarabati wa giaboksi.

Mwisho ni fundi. Katika injini inayolala, plagi ziko ubavuni, karibu na kuta za chumba cha injini, na kazi ambayo kwingine huchukua dakika chache huweza kumchukua asiyeizoea saa nzima. Vipuri vinapatikana, kuanzia kwa wauzaji rasmi hadi maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ila mnunuzi anapaswa kujua kutofautisha kilicho halisi na cha kuiga.

Hata mtengenezaji mwenyewe hajakosa doa. Oktoba 2017, Subaru ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 30 wafanyakazi wasio na idhini kamili walishiriki katika ukaguzi wa mwisho wa magari yaliyouzwa Japani. Mamia ya maelfu ya magari yaliitwa yarudi kukaguliwa upya.

Kabla ya kununua

Mafundi wenye uzoefu hushauri mnunuzi aanze kwa injini baridi. Gari lililowashwa kabla ya mnunuzi kufika huweza kuficha moshi na milio ya mwanzo. Atazame maji ya rejeta kama yana utando wa oili, aulize mkanda ulibadilishwa lini, na alinganishe magurudumu yote manne. Kisha alizungushe gari polepole usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Likikwaruza au kusitasita kama lililofungwa breki, mitambo ya kati ina hitilafu.

Muhimu zaidi, asimalize akiba yote katika bei ya kununua. Asiyebakisha fedha za mkanda, oili na magurudumu amenunua nusu ya gari.

Kuhusu mustakabali, Subaru haiko peke yake tena. Toyota ilinunua hisa zake za kwanza mnamo 2005 na kuziongeza hadi asilimia 20 kufikia 2020. Kampuni hizo mbili zilishirikiana kuunda Solterra, gari la umeme la Subaru lililozinduliwa mnamo 2022. Mwaka huohuo Subaru ilitangaza kwamba haingeunda toleo jipya la petroli la WRX STI, gari la mbio ambalo picha zake zilijaa katika kuta za vyumba vya vijana.

Gari la umeme halina pistoni zinazolala, na mngurumo ule hauna nafasi ndani yake. Lakini maelfu ya yale ya petroli yangali barabarani Kenya, na yataendelea kuwapo kwa miaka mingi. Mkulima wa zamani hakukilaumu Kilimia kwa mavuno haba. Alijua nyota humwonyesha majira tu, na jembe ni lake mwenyewe. Mwenye Subaru naye ana jembe lake: ratiba ya matunzo.