Viishio Sita

Nilipoanza kujifunza Kihispania, ukubwani, jedwali la kwanza tulilokaririshwa lilikuwa la kitenzi cantar, yaani kuimba: canto, cantas, canta, cantamos, cantáis, cantan. Tulilighani darasani kama watoto wa chuoni. Mswahili humtanguliza mtendaji: naimba, waimba, aimba. Mhispania humweka mkiani. Zaidi ya hapo sikuona ajabu.

Ajabu niliikuta katika kitabu cha Kilatini: canto, cantas, cantat, cantamus, cantatis, cantant. Kumbe ni jedwali lile lile, ila limesafiri karne nyingi midomoni mwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Ile t ya mwisho ilidondoka njiani. Cantatis ikawa cantades, halafu d nayo ikapotea, tukapata cantáis. Kilatini kilikuwa na makundi manne ya vitenzi. Kihispania kimebaki na matatu, vya -ar, -er na -ir. Vendere, kuuza, ikawa vender. Vivere, kuishi, ikahamia kwa jirani ikawa vivir. Na hayo makundi mawili ya mwisho, katika wakati uliopo, viishio vyake hutofautiana kwa nafsi mbili tu: vendemos na vivimos, vendéis na vivís. Kwingine kote ni pacha.

Antonio de Nebrija alipochapisha sarufi yake mjini Salamanca mwaka 1492, akaitabaruku kwa Malkia Isabel, aliyakuta makundi hayo matatu yamekwisha kukaa mahali pake. Wapo wanaomtaja kana kwamba yeye ndiye aliyeitungia lugha kanuni. Mimi namwona kama karani anayeorodhesha mirathi iliyokwisha kugawanywa.

Lakini jedwali halikuniambia yote. Nilipanga chumba Madrid kwa mama mmoja mtu mzima. Asubuhi moja nilimsikia akiimba jikoni, nikaona hapo ndipo pa kutumia somo langu. “¿Cantas?” nikamwuliza. Akanyamaza, akaendelea kumenya viazi.

Sarufi ilikuwa sahihi. Adabu ndiyo iliyokosekana. Kwetu ile u- ya “unaimba” humtosha mzee na mtoto, kwa kuwa heshima imekwisha kutangulia katika shikamoo na katika kumwita mtu mama. Mhispania huitia heshima ndani ya kitenzi chenyewe. Ilinipasa kusema canta, nafsi ya tatu, kana kwamba namsema mtu asiyekuwapo.

Sababu yake ni ya kihistoria. Zamani neno la heshima lilikuwa vos. Likatumiwa kwa kila mtu hadi likachujuka, na waliotaka kuheshimiwa wakaanza kuitwa vuestra merced, “hisani yako”. Hisani si wewe, ni kitu chako, kwa hiyo kitenzi kikafuata nafsi ya tatu. Maneno hayo mawili yalisagwa na ndimi hadi yakawa usted, lakini kitenzi hakikurudi kilikotoka. Vos yenyewe ilivuka bahari, na huko Argentina ndiyo “wewe” ya marafiki: vos cantás.

Baada ya miezi kadhaa yule mama aliniruhusu mwenyewe nimwambie cantas. Nilijaribu. Kila mara ulimi wangu uliishia kwenye canta, naye akacheka.