Utani, Kitambulisho na Mauaji ya Kimbari

Kaa kijiweni Mtaa wa Kongo, Kariakoo, uulize kwa nini watu walichinjana Rwanda mwaka 1994. Jibu utakalopewa ni moja: "Ukabila tu, bwana." Jibu hili linapendwa kwa sababu ni fupi. Lakini hapo hapo kijiweni Mchaga anamwita Mpare bahili, na Mpare anamjibu kwamba Mchaga hata akifa, akisikia sarafu imeanguka atafufuka. Watu wanacheka, biashara inaendelea. Nchi ina makabila zaidi ya 120, na mengi yana wafanyabiashara wake pale. Kama ukabila peke yake ungekuwa unaua, Kariakoo ingekwisha zamani.

Hoja yangu ni kwamba mauaji ya kimbari hayazaliwi na kabila. Yanazaliwa pale dola inapoligeuza jina la kundi kuwa hukumu, na anayetukanwa akakosa nafasi ya kujibu.

Tuanze na Rwanda yenyewe. Wahutu na Watutsi walikuwa na lugha moja, walioana, waliishi kilima kimoja. Ni utawala wa Kibelgiji, miaka ya 1930, ulioandika kabila kwenye kitambulisho cha kila mtu. Uhuru ulikuja mwaka 1962, kitambulisho kikabaki. Mwaka 1993 redio RTLM ikaanza kurusha matangazo, ikawaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Tarehe 6 Aprili, 1994 Rais Habyarimana alidunguliwa angani Kigali akitoka mkutanoni hapa hapa Dar es Salaam. Mauaji yakaanza. Penye vizuizi vya barabarani kilichoulizwa kilikuwa kile kile kitambulisho. Katika siku 100 hivi waliuawa watu wanaokadiriwa kufika 800,000. Kazi kubwa namna hiyo haikutayarishwa usiku mmoja.

Sasa linganisha. Wajerumani walipoipa Ulaya msiba wa Wayahudi, walianza na karatasi: sheria za Nuremberg za 1935, kisha herufi J kwenye pasi mwaka 1938. Sinema zao zikawafananisha Wayahudi na panya. Waliouawa ni kama milioni 6. Kabla ya hapo, huko Namibia, Waherero waliasi kwa sababu ya ardhi na mifugo. Tarehe 2 Oktoba, 1904 Jenerali von Trotha akaamuru kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka apigwe risasi, awe na silaha au asiwe nayo. Jenerali huyu tunamjua: miaka ya 1890 aliongoza jeshi la Wajerumani katika nchi yetu hii.

Tofauti zipo. Waherero wengi walikufa kwa kiu jangwani, Wayahudi wengi kwa gesi, Watutsi kwa panga la jirani. Lakini kote vita au uasi ulitumika kama kisingizio, na kote serikali ndiyo iliyoamua nani si mtu.

Wengine watasema, basi na Majimaji ilikuwa kimbari. Wajerumani walichoma mazao mwaka 1905 hadi 1907, na njaa ikaua mababu zetu wengi sana. Ukatili ule hauna utetezi. Hata hivyo neno tulitumie kwa uangalifu. Mbari ni ukoo. "Halaiki" inahesabu maiti; "kimbari" inauliza nia, yaani kulifuta kundi kwa kuwa ni kundi hilo. Ndivyo unavyotaka pia Mkataba wa 1948.

Sisemi utani ni dawa. Wanyarwanda nao walicheka pamoja na bado wakauana. Ninachosema ni kwamba utani una kanuni: ukinitania, nami nakutania. Redio haina kanuni hiyo. Mende hajibu.

Sisi wa fasihi tunaambiwa tunachezea maneno. Mahakama ya Arusha haikuona hivyo: Desemba 2003 iliwatia hatiani wakuu wawili wa RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura, ingawa rufaa ya 2007 ilifuta sehemu ya makosa yao. Basi kazi yetu ni kuhakiki hata hotuba na matangazo. Mkubwa akiwapa watu jina la mdudu, tusiulize kwanza ni wa kabila gani. Tuulize kama wana mahali pa kumjibu.