Akiba Iliyotoka Mekoni: Mahindi Chotara na Mkulima Mdogo wa Kenya

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mkulima mdogo wa magharibi ya Kenya, akiba ya kwanza ilikuwa mbegu. Baada ya mavuno, mama wa nyumba alichagua mahindi yaliyo bora, akayafunga kwa maganda yake, akayatundika juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Mvua iliponyesha, mbegu ilikuwapo nyumbani, wala haikudai fedha.

Desturi hiyo ilianza kubadilika kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Kitale. Mwaka 1961 ilitolewa mbegu iitwayo Kitale Synthetic II, ambayo mkulima aliweza kuiweka na kuipanda tena. Kisha mbegu hiyo ilichanganywa na mahindi yaliyotoka Ekuador, na mwaka 1964, Uhuru ukiwa mchanga, ikatolewa chotara H611. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1956, iliizalisha. Wenye maduka madogo wakaifikisha vijijini.

Wako waliodhani kuwa mkulima mdogo ni mfungwa wa mila, achukiaye kila jambo jipya. Historia hii yawakanusha. Alipoona shamba la jirani limestawi, alinunua mbegu upesi, na mavuno yake yakaongezeka.

Lakini chotara ina sharti lake. Nguvu yake hutoka katika kuchanganywa kwa wazazi wenye asili mbalimbali. Punje zake zikipandwa tena, nguvu hiyo hupungua. Basi akiba ikaoza, si kwa wadudu, bali kwa maumbile yake yenyewe. Tangu hapo mkulima alihitaji fedha kila mwaka kabla ya mvua, yaani wakati ambapo ghala na mfuko ni vitupu. Mwenye mtoto apataye mshahara mjini, au ng'ombe wa kuuza, alinunua. Mjane asiye na hili wala lile alipanda punje za ghalani, akavuna haba. Neema iliyojaza ghala moja ikalitenga na ghala la pili.

Si haki kuilaumu mbegu, kwani imelisha wengi. Lawama ni ya kipimo. Mipango ya kilimo hupenda kuhesabu magunia kwa eka, na hesabu hiyo ni ya kweli; ila haisemi mbegu ya msimu ujao imo mikononi mwa nani. Zamani mama alilijibu swali hilo kwa kuinua macho juu ya meko yake. Aandikaye historia ya maendeleo hana budi kuliuliza pia.