Pochoir: juu ya nini herufi za magunia ziko zenye kukatika?

Ukipita mu depo ya kahawa ao kakao, Butembo ao Beni, unaweza kuona magunia yenye herufi za kukatika-katika. Haiko kosa la mwenye kuandika. Herufi hizo zinakatwa kwanza mu kartoni ao bati, ile inaitwa pochoir, kisha rangi inapitishwa juu na burashi. Angalia neno KAKAO: ukikata O nzima, kipande cha ndani kinaanguka, na ku gunia inabakia doa tu. Kwa hiyo wanaacha vidaraja vidogo vya kushika kile kipande. A nayo ni vile vile.

Mwaka 1937, kule Marekani, R. Hunter Middleton na Gerry Powell, kila mumoja alitoa herufi za kuchapa za namna hiyo, nene na zenye vimiguu ku ncha. Zote mbili ziliitwa Stencil. Leo ku kompyuta kuko zingine nyembamba, za kupendeza.

Zinafaa kwa jina kubwa: gunia, kibao cha butiki, afishi. Kwa maandishi madogo, hapana. Namba 8 inaweza kusomwa 3, na gunia la mulimaji likahesabiwa kwa mwengine. Mbele ya kupaka rangi, jaribu kwanza ku karatasi, rudi nyuma hatua kumi, usome.