Nati za magurudumu: Mambo ya kukagua kabla ya kununua mbadala

Katika barabara inayotoka Kabalagala kupitia Kansanga na Bunga hadi Ggaba, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, kila gurudumu la gari dogo hushikiliwa na nati nne, tano au sita tu. Moja inapopotea au meno yake yanapoisha, madereva wengi huchukua nati yoyote inayoonekana kufanana na zilizobaki. Hapo ndipo hatari huanza, kwani nati inayoingia si lazima iwe nati inayofaa.

Kazi ya nati ni kuibana rimu dhidi ya kitovu cha gurudumu kwa nguvu kubwa kiasi kwamba vitu hivyo viwili visiweze kusogea. Nguvu hiyo ikipungua, rimu huanza kucheza, stadi hupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, kisha hukatika moja baada ya nyingine. Gurudumu likichomoka, anayeumia huenda asiwe dereva, bali mtembea kwa miguu au abiria wa bodaboda aliye kando ya barabara.

Kipenyo na meno

Jambo la kwanza ni kipimo cha stadi. Magari mengi madogo yaliyotumika yanayoletwa Uganda kutoka Japani yana stadi za milimita 12, lakini meno yake hutofautiana. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi kwa kawaida hutumia M12x1.5, yaani umbali wa milimita 1.5 kutoka jino moja hadi jingine. Nissan, Subaru na Suzuki kwa kawaida hutumia M12x1.25. Baadhi ya magari makubwa, kama Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 200, hutumia M14x1.5. Magari mengi ya Ulaya, kama Volkswagen, hayana stadi wala nati, bali bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye kitovu.

Kwa kuwa nati ya Toyota na ya Subaru zina kipenyo kimoja, mtu anaweza kuilazimisha moja mahali pa nyingine kwa spana ndefu. Akifanya hivyo, meno ya stadi huharibika. Nati sahihi huingia kwa vidole mizunguko kadhaa ya mwanzo bila kukwama. Ikikwama, isilazimishwe.

Sehemu inayokalia rimu

Jambo la pili, ambalo husahaulika mara nyingi, ni umbo la nati mahali inapogusa rimu. Lipo umbo la pia lenye pembe ya nyuzi 60, lipo la mviringo kama mpira, linalotumika kwenye rimu za Honda za kiwandani, na lipo bapa lenye washa. Nati ya pia ikiwekwa kwenye tundu la mviringo hugusa ukingo mwembamba tu. Itaonekana imekaza, lakini italegea baada ya safari chache.

Kwa hiyo nati huchaguliwa kwa kuangalia gari na rimu pamoja. Aliyebadilisha rimu za chuma akaweka za aloi anapaswa kukagua nati upya, na kuhakikisha anazo pia zinazofaa tairi la akiba.

Urefu

Nati inapaswa kushika stadi kwa urefu usiopungua kipenyo chake. Kwa M12x1.5 hiyo ni mizunguko 8 kamili, na kwa M12x1.25 ni karibu mizunguko 10. Nati iliyozibwa juu nayo isiwe fupi kuliko stadi, la sivyo itagota mwisho kabla ya kuibana rimu.

Kununua

Njia salama ni kwenda dukani na nati nzima iliyofunguliwa kwenye gurudumu hilohilo, iwe ni duka la jirani au wauza vipuri wa eneo la Kisekka katikati ya Kampala. Nati iliyotumika ikataliwe ikiwa ina kutu ndani, ufa, au meno yaliyolala. Zile zilizofunikwa kwa bati linalong'aa zikaguliwe pia, kwani bati hilo likivimba spana haiingii tena. Mnunuzi wa gari lenye nati za kuzuia wizi adai ufunguo wake kabla ya kulipa.

Kukaza

Meno ya stadi na uso wa kitovu husafishwa kwa brashi ya waya. Meno hayapakwi mafuta isipokuwa kitabu cha gari kimeagiza, kwani mafuta husababisha stadi kuvutwa kupita kiasi. Nati hukazwa kwa mpangilio wa kukingama, si kwa kufuata duara. Magari mengi madogo ya Toyota huhitaji takribani newton-mita 103. Fundi anayetumia mashine ya upepo aombwe kumalizia kwa spana ya kipimo, kwa sababu kukaza kupita kiasi nako hukata stadi.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, nati zikazwe tena. Usukani ukianza kutetemeka, au mlio wa kugonga ukisikika kwenye gurudumu, gari lisimamishwe mahali salama na nati zikaguliwe papo hapo, hata kama safari iliyobaki ni fupi.